CHUMA: TABIA ZAKE, MATUMIZI YAKE, NA MALI YA CHAMA

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, mkoani Kagera)

Nilipopewa nafasi hii, wengi wenu mlitazamia kwamba nitazungumza juu ya daftari la fedha taslimu, stakabadhi na mizania. Mambo hayo yana siku zake, wala hamtayakosa. Leo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya chuma, na sababu yangu ni ya kikaguzi kabisa. Mkaguzi akifungua ghala la chama cha msingi, akiondoa mazao na magunia, karibu kila kitu kinachobaki ni chuma, au kimefungwa kwa chuma, au hupimwa kwa chuma: mabati ya paa, nondo zilizomo ndani ya nguzo, mizani na mawe yake, majembe na mapanga ya kuwauzia wanachama, kufuli la mlango, sanduku la fedha, toroli, mashine ya kukobolea kahawa. Fedha za wanachama zimegeuzwa kuwa chuma. Vitabuni zimeandikwa kwa shilingi na senti, lakini zenyewe ziko pale ghalani, na mara nyingi zinaliwa na kutu polepole, au zilikwisha kuliwa na muuzaji kabla chuma hakijashushwa garini.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona. Hasara ya fedha taslimu hupigiwa kelele mkutanoni siku ile ile. Hasara ya chuma huitwa uchakavu, huandikwa mstari mmoja katika hesabu za mwisho wa mwaka, na mkutano huupitisha kwa kunyosha mikono. Lakini katibu anayejua tabia chache za chuma anaweza kuizuia sehemu kubwa ya hasara hiyo bila maabara, bila mtaalamu kutoka mjini, kwa kutumia vitu ambavyo kila chama kinavyo: mizani, futi ya kamba, tupa, kitambaa na mafuta.

Kwanza tujue chuma ni kitu gani. Chuma ni mojawapo ya madini yaliyo mengi katika ardhi. Hufikia karibu sehemu 5 katika kila sehemu 100 za uzito wa gamba la dunia. Lakini chuma hakipatikani kikiwa safi kama dhahabu ipatikanavyo mtoni. Kimeshikana na oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoivuta, na kikiwa hivyo huonekana kama jiwe au udongo mwekundu au mweusi. Udongo wetu huu mwekundu wa Kagera umepata rangi yake kwa chuma hicho. Kazi ya mwenye kuyeyusha ni kumnyang'anya oksijeni huyo aliyekishika chuma, na chombo cha kumnyang'anyia ni mkaa. Mkaa unapoungua katika tanuri huitoa oksijeni katika jiwe na kuondoka nayo kama hewa, chuma hubaki.

Jambo hili, ndugu zangu, halikuletwa hapa na meli. Babu zetu wa Buhaya walilijua. Huko Kemondo, na Katuruka pia, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, na baadhi yake yana umri wa takribani miaka 2,000. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walianza kushirikiana na wazee wa Kihaya ambao walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, maana chuma cha kununua kilikuwa kimekuja kwa bei nafuu. Wazee walijenga upya tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakaweka chini yake majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, wakapuliza kwa mivukuto. Chuma kilitoka. Mwaka 1978 wataalamu hao waliandika habari hizo katika jarida la Science, wakaeleza kwamba kule kuingiza mirija ndani kuliipasha hewa moto kabla haijaufikia mkaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hewa hiyo. Kwamba wazee walitoa chuma kizuri, hapana abishaye.

Nimeitaja habari hiyo si kwa kujisifu tu. Katika chuma cha wazee wale kulikuwa na sehemu zilizokuwa chuma cha pua hasa, na tofauti baina ya chuma cha pua na chuma kingine ndiyo inayomgharimu mwanachama leo anaponunua jembe.

Chuma kinapokaa pamoja na mkaa katika moto mkali hunywa sehemu ndogo ya mkaa huo, nayo huitwa kaboni. Kiasi cha kaboni iliyomo ndicho kinachoamua tabia ya chuma. Chuma chenye kaboni kidogo sana ni laini. Hupindika, hufuliwa kwa urahisi, hakivunjiki ovyo, lakini makali yake hayadumu. Hicho ndicho cha waya wa kufungia, cha misumari na cha mabati. Kaboni ikiongezeka, hata ikafika nusu ya sehemu moja katika 100 au zaidi kidogo, tunapata chuma cha pua kinachoweza kukazwa kwa moto na maji. Hicho ni cha jembe, panga, shoka na springi. Kaboni ikipita sehemu 2 katika 100, chuma huyeyuka kwa urahisi zaidi na hufaa kusubiwa, yaani kumiminwa katika kalibu, lakini huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Hicho huitwa chuma cha kusubu, nacho ndicho cha mawe mengi ya mizani, cha sufuria nzito za zamani na cha miili ya mashine nyingi za kukobolea.

Kwa hiyo tofauti ya chuma kinachopinda, chuma kinachokata na chuma kinachovunjika ni tofauti ya kaboni kidogo mno, ambayo jicho haliioni. Muuzaji anajua kwamba jicho haliioni.

Tuchukue jembe. Katibu hupelekewa majembe ya aina mbili, yote yamepakwa rangi ile ile nyeusi, yote yana karatasi yenye picha nzuri. Moja limefuliwa kutokana na chuma cha pua na makali yake yamekazwa. La pili limekatwa kutoka bamba laini. Wazee wanaokumbuka majembe ya kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo wanajua kwamba jembe zuri huliwa na ardhi kidogo kidogo mpaka likabaki kama kijiko, bila kupinda. Jembe la bamba laini hupinda mwezi wa kwanza likigonga jiwe. Basi kabla ya kupokea mzigo, chukua tupa, kwaruza ncha ya makali ya majembe mawili matatu uliyoyachagua wewe mwenyewe kutoka katikati ya mafungu, si yale uliyopewa na dereva. Tupa ikiteleza na kulia, makali yamekazwa. Ikiuma na kuchimba kwa urahisi kama inavyochimba msumari, hilo si jembe la kumuuzia mkulima kwa bei ya jembe. Kipimo hiki hakichukui dakika tano.

Na hapa niseme neno kwa wanachama wenyewe. Wapo wanaotupa jembe motoni ili kuchoma kipande cha mpini kilichobaki ndani ya tundu. Kazi hiyo huonekana rahisi, lakini moto ule unaondoa ukakamavu wa chuma. Chuma cha pua kilichokazwa, kikipashwa moto, huanza kubadilika rangi juu yake: huwa manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu, na ile buluu huonekana kwenye joto la kama sentigredi 300. Kadiri rangi inavyosonga mbele ndivyo makali yanavyolainika. Ukiliona jembe lako limekuwa la buluu kwenye makali, jua umelirudisha nyuma, na dawa yake ni mhunzi: alipashe tena hadi liwe jekundu, alichovye, kisha alipashe kiasi. Mhunzi wa kijijini anayajua hayo kuliko mkaguzi. Kipande cha mpini hutolewa kwa patasi au msumari mnene.

Chuma cha kusubu kina hatari ya namna nyingine. Katika chama kimoja mwili wa mashine ya kukobolea ulipata ufa kwa sababu fundi alitaka kulegeza kipande kilichokwama, akakigonga kwa nyundo nzito kama agongavyo chuma cha gari. Kisha ufa ukachomelewa kwa vijiti vya kawaida, mashine ikiwa baridi. Baada ya siku chache ulifunguka tena, pembeni mwa pale palipochomelewa, na safari hii ulikuwa mrefu zaidi. Chuma cha kusubu hakipendi kupigwa, wala hakipendi kupashwa moto upande mmoja kwa ghafula. Kinaweza kuchomelewa, lakini kwa kupashwa taratibu, kwa vijiti vyake maalumu, na kwa kupozwa taratibu. Katibu anapoidhinisha malipo ya fundi, amwulize kwanza atatumia vijiti gani. Fundi asiyeweza kujibu swali hilo asilipwe kwa kujifunzia juu ya mashine ya chama.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niombe nafasi hii, nalo ni uzito.

Chuma kina tabia moja ambayo muuzaji hawezi kuibadilisha. Chuma chenye ukubwa wa lita moja kina uzito unaokaribia kilo 7.85, kiwe kimetoka China, Uturuki, Afrika Kusini au Tanga. Kaboni ile niliyoitaja haiigeuzi hesabu hii kwa nondo wala kwa mabati kiasi cha kumsumbua katibu. Maana yake ni kwamba ukijua urefu na unene uliouziwa, unajua uzito unaopaswa kuuona. Na chama cha ushirika, ndugu zangu, kina mizani! Tunapima kahawa ya mkulima hadi robo kilo, kisha tunapokea gari zima la nondo kwa kuhesabu vichwa.

Kwa nondo hesabu ni fupi. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, ugawanye kwa 162. Utapata kilo za kila mita moja. Nondo ya milimita 12: 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 162, ni kilo 0.89 kwa mita. Nondo yenye urefu wa mita 12 iwe na kilo 10.66 au karibu na hapo. Ukiipima ukaona kilo 7.4, umeuziwa nondo ya milimita 10 kwa jina la nondo ya 12. Kwa macho hutaigundua, kwa maana nondo ina mikunjo juu yake, na mikunjo hiyo hudanganya jicho, na hata kipimo cha unene hushindwa pa kushika. Mizani haidanganywi na mikunjo.

Labda mtu atasema, milimita mbili tu, yafaa nini kugombana? Yafaa sana. Nguvu ya nondo inayovutwa hufuata eneo lake lililokatwa, si kipenyo peke yake. Nondo ya milimita 10 ina chini kidogo ya sehemu 70 katika 100 za chuma kilichomo katika nondo ya 12. Nguzo iliyochorwa na mhandisi ibebe paa la ghala kwa nondo nne za 12, ikijengwa kwa nondo nne za 10, imejengwa kana kwamba umeondoa nondo nzima na kipande cha ya pili. Na chini ya paa hilo wanasimama watu wakisubiri zamu ya kupima.

Mabati nayo yana mchezo wake, unaoitwa geji. Wengi hudhani kwamba geji kubwa ni bati nene. Ni kinyume: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Tena viwanda havikubaliani kila mahali juu ya unene wa kila geji. Kwa hiyo, katika hati ya kuagizia, msiandike geji peke yake. Andikeni unene kwa milimita, na mwongeze maneno haya: "Mzigo utapimwa uzito wakati wa kupokelewa."

Nitaeleza kisa kimoja bila kukitaja chama wala muuzaji. Chama kilijenga ghala, kikanunua mabati 240 ya urefu wa mita 3. Ankara iliandika unene wa milimita 0.4. Misimu miwili ya mvua ilipita. Paa likaanza kupiga kelele kwa upepo, misumari ikapanua matundu, bati moja likapinda chini ya mguu wa fundi aliyepanda kuziba. Mabati kumi yalikuwa yamebaki stoo, hayajatumika. Tuliyaweka juu ya mizani yote kumi pamoja: kilo 58. Kisha tukapima upana wa bati kwa kamba, tukiifuatisha kamba katika kila bonde na kila mgongo, kwa sababu bati lilikuwa tambarare kabla ya kukunjwa, na huo ndio upana wake wa kweli. Tukapata mita 0.9. Eneo basi ni mita 3 mara 0.9, yaani mita za mraba 2.7. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85, kwa milimita 0.4 ni kilo 3.14. Bati moja lilipaswa kuwa na karibu kilo 8.5. Tulilopima lilikuwa na kilo 5.8. Unene wake haukufika hata milimita 0.3.

Tofauti ni kilo 2.7 kwa kila bati. Kwa mabati 240 ni zaidi ya kilo 640 za chuma ambazo chama kililipia na hazikufika. Laiti zingekuwa kilo 640 za kahawa, chama kizima kingelala ofisini kwa katibu. Kwa kuwa ni chuma, hakuna aliyejua, na muda wa kudai ulikuwa umekwisha kupita. Vitabu vya chama hicho vilikuwa safi: ankara ipo, hati ya kupokea ipo, hundi ipo, sahihi zote tatu zipo. Hesabu zilikuwa sawa na mali haikuwapo. Hilo ndilo linalonisumbua mimi kama mkaguzi.

Na kwa kuwa tumeitaja mizani, tuseme habari zake. Tunayaita mawe ya mizani, ilhali mengi ni chuma cha kusubu. Jiwe la chuma likiachwa juu ya sakafu yenye unyevu hupata kutu. Mwanzoni kutu huongeza uzito kidogo, kwa maana chuma kimejishikiza oksijeni. Baadaye kutu hubanduka na jiwe hupungua. Tafakarini nani anaumia. Kwa mizani ya mikono miwili, jiwe lililopungua humfanya mkulima aandikiwe kilo nyingi kuliko alizoleta, na chama hulipa hewa. Jiwe lililoongezeka, iwe kwa kutu, tope, au rangi ambayo katibu mwema ameipaka ili liwe zuri, humfanya mkulima atoe kahawa zaidi kwa kilo ile ile. Kwa hiyo jiwe la mizani halipakwi rangi na asiyehusika, halisuguliwi kwa msasa, wala halitumiwi kuzuilia mlango. Hufutwa kwa kitambaa kikavu na kuwekwa sandukuni. Likipata kutu, hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo, ambao ndio wenye mamlaka ya kulisahihisha na kupiga chapa, kama wanavyohakiki mizani yenyewe kila mwaka.

Mizani ya springi ina tabia nyingine ya chuma. Chuma cha pua kikivutwa kiasi hurudi kilipokuwa. Kikivutwa kupita mpaka wake, hakirudi chote. Mizani ya kilo 100 ikitundikwa gunia la kilo 130 kwa sababu foleni ni ndefu, springi huchoka, na mshale hausimami tena juu ya sifuri. Halafu hutokea mtu akauzungusha kwa skrubu mpaka ukasimama kwenye sifuri, akafurahi. Ameificha dalili, hakuuponya ugonjwa, wala hajui kama kilo 50 bado ni kilo 50. Mizani ya namna hii ijaribiwe kwa jiwe lenye chapa, kwanza kwa uzito mdogo, kisha wa kati, kisha mkubwa. Vyama vilivyonunua mizani ya kidijitali visijione vimesalimika. Ndani ya mizani hiyo mara nyingi mna kipande cha chuma cha pua au cha alumini kinachopinda kidogo sana chini ya mzigo, na umeme husoma kule kupinda. Kikipindishwa kupita mpaka, mizani itaendelea kuandika tarakimu zilizonyooka na za uongo.

Nimalizie na kutu, ambayo kila mtu anaijua na wachache wanaiwekea ulinzi.

Kutu ni chuma kinachorudi kwao. Tulimnyang'anya oksijeni kwa moto; sasa hewa na maji vinamrudisha. Vinahitajika vyote viwili: penye hewa kavu kabisa chuma hakishiki kutu, na ndani ya maji yasiyo na hewa karibu hakishiki. Chumvi huharakisha. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria, Bukoba ikipata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hatuna nafasi ya kusubiri hewa kavu. Lililo mikononi mwetu ni kukizuia chuma kisikutane na maji.

Adui mkubwa ndani ya maghala yetu, nimeona, ni mbolea. Salfeti ya amonia na mbolea nyingine za chumvichumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na maji yake hula chuma vibaya kuliko mvua. Nimekuta mifuko ya mbolea imeegemezwa kwenye ukuta wa bati, na mara moja nimekuta imewekwa juu ya mizani kana kwamba mizani ni chaga. Mbolea iwe na chumba chake. Na kama chumba ni kimoja, iwe juu ya chaga za mbao, upande wa mbali na mizani, mashine na majembe, na pumba zake zifagiliwe siku ile ile.

Majembe na mapanga yasiyouzwa yapanguswe na kupakwa mafuta kidogo kwa kitambaa. Mafuta machafu ya injini hufaa kwa zana, lakini yasiletwe hata kidogo mahali penye kahawa au magunia yake: kahawa hunyonya harufu, na mnunuzi ataionja. Mabati yanayosubiri ujenzi yasilazwe bapa moja juu ya jingine penye mvua. Maji hunaswa katikati, na zinki iliyoyafunika hugeuka unga mweupe. Yasimamishwe kwa kuegemezwa ili maji yatiririke. Zinki hiyo ndiyo mlinzi: hukubali kuliwa yenyewe kabla ya chuma, hata palipokwaruzwa kidogo. Ikiisha, bati limebaki uchi.

Wengi huuliza kwa nini chuma ndani ya zege hakishiki kutu ilhali zege limechanganywa kwa maji. Saruji ina tabia ya ukali kama wa majivu, na ndani ya ukali huo chuma hujifunika utando mwembamba unaokilinda. Bahati njema nyingine ni kwamba chuma na zege hutanuka kwa joto karibu kiasi kimoja, ndiyo sababu havitengani jua likiwaka. Lakini nondo ikiwekwa karibu mno na uso wa nguzo, maji na hewa huifikia. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mkiona mstari wa kahawia na ufa unaofuata nondo, msiusiribe kwa saruji na kupaka chokaa kwa ajili ya mgeni. Mwambieni mjenzi tangu mwanzo aache zege lisilopungua sentimita mbili na nusu juu ya nondo, na zaidi kwa nguzo za nje.

Ndugu Mwenyekiti, ninayo maombi mawili kwa Bodi. La kwanza, leja ya vifaa katika kila chama cha msingi iongezwe safu moja yenye kichwa "Uzito uliopimwa," kwa nondo, mabati, mabomba na waya. Hati ya kupokea mali isiyo na tarakimu katika safu hiyo isilipiwe. Safu haina gharama ila ya wino na rula. La pili, Chama Kikuu kinunue seti moja ya mawe ya mizani yaliyohakikiwa, iwe inazungushwa katika vyama kabla ya kila msimu kufunguliwa, ili katibu asingoje malalamiko ya foleni ndipo ajue mizani yake inasema nini.

Baada ya chai, wanaotaka watoke uani. Pana nondo tatu zilizonunuliwa katika maduka matatu, zote kwa jina la milimita 12, na mizani iko tayari. Sijazipima. Naomba makatibu watatu waje na kalamu, wapime mbele ya wenzao, na waandike wanachokiona.